Mstari wa Aruna

"Basi ni nani ameugusa? Shetani?"

"Mama, nimekwambia mara tatu. Miye sijaugusa."

"Weye peke yako uko na neno la siri. Weye peke yako unajua kufungua ile kitu. Halafu saa ya mutoto wangu inabadilika, unaniambia hujaugusa."

Zainabu aliilaza simu yake juu ya mashine ya fotokopi, kioo juu, kama mtu anayeweka ushahidi mbele ya hakimu. Mteja aliyekuwa akingoja nakala za kitambulisho alikohoa, akasema atarudi baadaye, akatoka. Asiya alimwona akienda na hakumwita. Sekretaria yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Rumonge, chenye kompyuta mbili, mashine hiyo na benchi. Ugomvi ukiingia humo, mteja hana pa kukaa.

"Soma," Zainabu alisema.

Asiya alisoma, ingawa hakuwa na haja. Ukurasa ule uliitwa Walio Majini. Aruna, mume wake na mtoto wa kwanza wa Zainabu, aliuandika miaka sita iliyopita kwa ajili ya boti za ufuko wao. Kila boti ina mwanamke wake anayebaki nchi kavu, mke au dada au mama, naye huitwa mngojaji. Boti ikitoka, mngojaji hufungua mstari. Mwenye boti akianza safari ya kurudi, hushika simu yake na kuchagua safari ni ya masaa mangapi. Ukurasa huchukua saa ya simu hiyo, hujumlisha, huandika saa ya kufika. Saa hiyo ikipita kwa robo saa, mstari hugeuka mwekundu na boti ya uokozi hutoka. Boti ikifika salama, mngojaji hubonyeza neno moja, Amerudi, na mstari unafungwa. Mtu mwingine yeyote hawezi kuufunga, hata mkuu wa ufuko.

Neno la mtu asiyerudi Aruna hakuliweka. Asiya aliwahi kumwuliza kwa nini, akacheka. "Nani atakubali kulibonyeza?"

Sasa ulikuwa mwaka wa tatu mstari wa Aruna uko juu ya mistari yote, mwekundu, na mngojaji wake ni Asiya. Alikuwa na neno moja tu la kubonyeza, nalo lilikuwa uongo. Hakulibonyeza. Mwili haukuonekana, na sheikh alikuwa amemwambia akamilishe miaka minne ya kungoja kabla ya kukaa eda. Kwa hiyo aliendelea na kazi yake, alimlea binti yake Sumaya, na asubuhi alipofungua ukurasa kuangalia kama bado unafanya kazi, macho yake yaliruka mstari wa kwanza na kuanzia wa pili.

Zainabu yeye hakuruka. Kila siku baada ya sala ya alfajiri aliufungua ukurasa, akausoma mstari ule mmoja, akamsalimia mwanawe, akazima simu. Kwa miaka mitatu maneno yalikuwa yale yale. *Aruna. Kutoka Kabonga. Kufika saa kumi. Amechelewa.*

Leo simu ya Zainabu ilisema, *Kufika saa tisa.*

"Tangu lini?" Asiya aliuliza.

"Tangu juzi. Nikadhani ni macho. Nikamwuliza Nafisa, kwake iko kumi. Nikamwuliza Shefu Akonkwa, kwake iko kumi. Kwangu peke yangu iko tisa."

Asiya alitoa simu yake mwenyewe, akaiweka kando ya ile nyingine. Saa kumi. Zilikuwa simu mbili zenye ukurasa mmoja, na mtu mmoja aliyekufa, na saa zake hazikufanana. Wazo la mizimu lilimjia, akakasirika nalo. Hakuwa mtu wa mambo hayo.

"Ananiambia miye," Zainabu alisema taratibu. "Hakuambii weye."

"Nani?"

"Unamujua."

"Mama, hii telefone ni mpya?"

"Wifi yako Yasmini alinitumia toka Bujumbura. Juzi."

"Juzi. Basi."

"Basi nini? Aruna alingoja nipate telefone nzuri ndipo aseme?"

Alilisema kama kejeli, lakini macho yake hayakuwa na kejeli. Asiya aliona kwamba mama mkwe wake alikuja na ugomvi ili asije na matumaini. Ugomvi ungemfanya Asiya akiri kwamba aliubadilisha. Kama hakuubadilisha yeye, basi ilibaki jibu moja tu, na mama huyo alikuwa ameishi nalo siku mbili bila kulala.

"Kaa," Asiya alisema. "Nitafungua faili mbele yako. Utaona tarehe ya mwisho lilipoguswa."

Alisema kwa wepesi, lakini mkono wake ulikaa kidogo juu ya kibodi. Tangu Aruna apotee alikuwa ameuweka ukurasa hai, kama mtu anavyomwagilia mti wa jirani aliyesafiri. Ndani hakuwahi kuingia. Diploma ya informatiki alikuwa nayo yeye, si Aruna, na angeweza kulisoma faili lile kwa nusu saa. Hakutaka kukaa na mwandiko wake.

Faili likafunguka. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita, wiki tatu kabla ya safari ile.

"Unaona?" alisema. "Hakuna mutu."

Zainabu aliinama akasoma tarehe, midomo ikicheza. Kisha akakaa kwenye benchi.

Asiya akaanza kusoma kutoka juu.

Aruna alijifunza mwenyewe, usiku na mchana, kwenye kompyuta za watu. Lugha aliyoipenda ilikuwa JavaScript, hiyo inayofanya kurasa zote za mtandao zitembee, na aliizungumzia mezani kama wengine wanavyozungumzia mpira. Alikuwa akisema iliandikwa na mtu mmoja kwa siku kumi, na kwamba ile sehemu yake ya kuhesabu tarehe, Date, ilinakiliwa kwa haraka kutoka lugha nyingine pamoja na makosa yake yote. Januari ndani yake ni mwezi wa sifuri. "Watu wazima," alikuwa akisema, "wanahesabu miezi kuanzia sifuri." Asiya alimwuliza kwa nini hawaitoi. Akamweleza kwamba kuna kamati inayokutana na kuongeza mambo mapya katika lugha kila mwaka, kila jambo likipanda hatua kwa hatua, mpaka hatua ya nne ndipo likubaliwe. Wanaongeza tu. Kutoa hawatoi, kwa sababu dunia imejaa kurasa za zamani ambazo wenyewe wameshaondoka, na ukitoa neno moja kurasa hizo zinaanguka. Kwa hiyo kosa la siku ya kwanza bado limo ndani, chini ya mazuri yote yaliyokuja juu yake, na bado linafanya kazi.

Wakati ule Asiya aliona ni upuuzi wa wanaume. Sasa, akisoma, aliona miaka ya Aruna imepangana kwenye faili kama alama za maji kwenye kuta za nyumba za ufukoni tangu ziwa lilipopanda. Chini kabisa, mwaka wa kwanza, alikuwa ameandika kwa namna ya kizamani, kila kitu kikianza na *var*. Juu yake *let* na *const*, alipozizoea. Kisha mahali alipojifunza *await*, akafurahi nayo mno, akaitia kila mahali. Vitu alivipa majina ya Kiswahili, saaYaKufika, mngojaji, amerudi. Asiya alimsikia akiyatamka.

Karibu na mwisho kulikuwa na kipande ambacho hakukijua.

Kilikuwa kifupi. Kilisema, kama simu inaijua Temporal, ile hesabu mpya ya tarehe iliyokuwa bado mbele ya kamati, soma saa kwa njia hii. Kama haiijui, endelea na Date. Na juu yake Aruna alikuwa ameacha maneno ya kawaida, yale ambayo mashine huyapita na binadamu tu huyasoma:

*Date haiwezi kusoma saa ya mahali pengine. Temporal itaweza. Bado iko hatua ya tatu, hakuna simu inayoijua. Nilitaka kutia kiraka leo, Asiya amekataa, ni kizito. Sawa. Simu zitajifunza zenyewe.*

Asiya aliyasoma mara moja tu.

Alikumbuka jioni ile yote. Alikuwa akipiga pasi nguo za shule za Sumaya. Aruna alikuwa mezani na kompyuta, akauliza kama anaweza kuongeza kiraka katika ukurasa, ili simu zifanye jambo ambalo lugha yenyewe ilikuwa haijalipata. Asiya akauliza, kina uzito gani? Akajibiwa, ukurasa utakuwa mzito mara tano. Akasema watu wana telefone za zamani, hapana. "Hata hutaki kujua ni cha kazi gani?" Aruna aliuliza. "Nataka kumaliza kupiga pasi," alijibu yeye. Wakacheka wote wawili. Ndivyo ilivyokuwa. Hawakugombana hata kidogo.

"Umenyamaza," Zainabu alisema kutoka kwenye benchi. "Unaona nini?"

"Ni lugha, Mama. Ile lugha imeongezwa kitu kipya. Telefone yako inakijua, zetu bado hazikijui. Aruna alikiandikia kabla hakijafika. Kimelala miaka yote hii. Telefone yako imekiamsha."

"Ndiyo ninayokwambia toka asubuhi," Zainabu alisema. "Alingoja."

Asiya alirudi kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa anatafuta saa ile moja ilikokwenda.

Kila mtu wa Rumonge anayekwenda Kabonga anajua jambo hili na analicheka. Ukikaribia mpaka, simu inashika mtandao wa ng'ambo, na saa yake inaruka mbele kwa saa nzima, kwa kuwa Tanzania wako mbele yetu. Watu husema telefone imekula saa ya Kigoma. Mtu anafika msikitini mapema, anataniwa, yanaisha. Hakuna aliyewahi kujiuliza ukurasa unasemaje. Ukurasa ulichukua saa ya simu. Siku ile simu ya Aruna, pale Kabonga, ilisema saa sita. Safari ya masaa manne. Ukurasa ukaandika saa kumi, na pembeni, mahali ambapo mtu haoni, ukaandika pia saa hiyo ni ya nchi gani. Aruna alikuwa amepanga jambo hilo tangu mwanzo. Lakini Date, huku Rumonge, haikuweza kulitumia. Ilisoma saa kumi kuwa saa kumi yetu.

Alitakiwa kufika saa tisa.

Upepo wa kusini uliingia saa nane na nusu siku ile. Ilipofika saa tisa Asiya alikuwa ufukoni pamoja na Akonkwa, mkuu wa ufuko, na Akonkwa akauliza kama wamtafute. Asiya aliangalia simu. Alisema, "Bado iko na lisaa limoja." Wakakaa. Akonkwa akaletewa chai. Walipotoka hatimaye, walikuta boti imepinduka mbele ya Kigwena, na mbali kidogo bidoni tupu, dumu la mawese, ikielea, imefungwa kamba mpya yenye kitanzi cha kupitisha mkono. Kitanzi kilikuwa kimekazwa kwa fundo la Aruna. Hakukuwa na mkono ndani yake.

Kwa miaka mitatu Asiya alijiuliza mtu angeweza kushikilia kamba ile kwa muda gani. Hakuwahi kufikiri kwamba saa nzima ya muda huo ilikuwa imepotelea ndani ya faili la Aruna.

"Mama," alisema, na sauti yake ikamshangaza kwa utulivu wake. "Nipe ile telefone tena."

Alitaka kuhakikisha tu. Alitaka kuona saa tisa ile kwa macho yake, sasa akijua ni ya nini. Kwa mazoea macho yake yakauruka mstari wa kwanza yakaangukia wa pili.

*Moussa. Kutoka Kabonga. Kufika saa nne. Amechelewa.*

Mwekundu.

Saa ya ukutani, aliyoirekebisha mwenyewe kila Ijumaa, ilionyesha saa nne na dakika ishirini na mbili asubuhi. Akachukua simu yake. *Moussa. Kutoka Kabonga. Kufika saa tano.* Maandishi meusi, ya amani kabisa.

Moussa alikuwa mdogo wake Aruna, mtoto wa kiume pekee aliyebaki kwa Zainabu. Na Zainabu alikuwa ameishika simu hiyo mkononi toka nyumbani mpaka hapa, amegombana juu ya mstari wa kwanza, na wa pili hakuutazama.

"Moussa alikwenda Kabonga?"

"Jana, na mawese. Anarudi leo. Kwa nini?"

Asiya alikuwa tayari ameweka simu sikioni. Mwanamke wa mtandao alimwambia kwa Kifaransa kwamba nambari hiyo haipatikani. Akapiga tena, akaambiwa vile vile. Karatasi za nakala zilizokuwa juu ya meza zilianza kupanda pembe na kushuka. Alitazama mlangoni. Mahema ya wauza vitenge yalikuwa yamevimba kuelekea kaskazini.

"Twende ufukoni," alisema. "Leta telefone yako. Usiifunge."

Hawakufunga hata mlango.

Nafisa, mke wa Moussa, alikuwa amekaa juu ya boti iliyogeuzwa, simu mapajani, akichambua mboga ya lengalenga katika beseni. Alipowaona wanakuja mbio alisimama, na mboga ikamwagika mchangani.

"Kuna nini? Bado iko na nusu saa na zaidi."

"Haiko na nusu saa," Asiya alisema. "Akonkwa yuko wapi?"

Akonkwa alikuwa kivulini mwa kibanda cha mizani, mtu mnene, mtulivu, ambaye babu yake alivuka kutoka ng'ambo ya Kongo na hakurudi. Aliwasalimia "Amahoro" kwa zamu, kama kawaida yake. Asiya hakujibu salamu.

"Shefu, toa boti. Moussa amechelewa."

Akonkwa alitoa simu yake mfukoni, simu yenye kioo kilichopasuka pembe mbili, akaivuta mbali na macho. "Iko saa tano."

"Hiyo yako inasema uongo. Angalia ya Mama."

Akaangalia. Akaangalia tena yake. Kisha akaangalia uso wa Zainabu, na Asiya akajua mama alikuwa ameshampitia juzi na habari za mstari wa Aruna.

"Hii ndiyo telefone inayoandika mambo ya marehemu," Akonkwa alisema.

"Haiandiki mambo ya marehemu. Inasoma saa sawasawa. Moussa alipoondoka Kabonga telefone yake ilikuwa na saa ya Kigoma. Ukurasa ulichukua ile ile. Saa tano ya kule ni saa nne ya hapa. Imeshapita."

"Asiya, dada yangu. Mwezi uliopita Mama Halima alilia hapa, tukatoa moteri kabla ya saa. Mumewe alikuwa anakula samaki mukeke Mutambara. Na wakati ule ule watu wa Muhuta wakaita, boti inazama, sisi hatuna ya kutuma. Ndiyo maana tukaweka sheria. Mstari uwe mwekundu kwenye telefone yangu. Hatutoki kwa machozi."

"Unaniona nalia?"

"Hapana. Lakini naona telefone moja inasema tisa, inasema nne, na zingine zote zinasema mambo mengine. Na unaniambia aliyeandika hayo ni Aruna. Siwezi kutuma watu wazima kwenye upepo huu kwa neno la mutu aliye chini ya maji."

Nafisa aliposikia hivyo alitoa sauti ndogo. Ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya risasi, na kwa mbali, kusini, mistari myeupe ilianza kuonekana. Hakukuwa na boti hata moja upande huo.

Asiya alielewa kwamba hesabu haitamsogeza Akonkwa. Angeweza kumweleza Date na Temporal mpaka adhuhuri. Kulikuwa na maneno mengine ambayo yangemsogeza, na hayo asingeweza kuyasema bila Zainabu kuyasikia. Zainabu alikuwa amesimama hatua mbili kando yake, ameshika ushungi usipeperuke.

Asiya hakumtazama.

"Siku ya Aruna," alimwambia Akonkwa, "uliniuliza saa tisa kama tumutafute. Unakumbuka nilisema nini?"

Akonkwa aliishusha simu yake.

"Nilisema bado iko na lisaa limoja. Ulikunywa chai. Alitakiwa kuwa hapa saa tisa. Ukurasa ulikosea kwa saa nzima, sababu ni hii hii, Kabonga hii hii. Tulikaa hapa, miye na weye, lisaa limoja, na yeye yuko kwenye kamba." Aliendelea kumtazama Akonkwa. "Na alikuwa amelijua kosa kabla ya siku ile. Alitaka kulirekebisha. Ni miye nilimukatalia. Sikumuuliza hata ni cha kazi gani. Ameandika kwenye faili, jina langu limo. Nimesoma sasa hivi."

Asiya alingoja pigo, au kilio, au laana. Alikuwa radhi na lolote, mradi liwe fupi.

Zainabu alisema, "Saa tisa ilikuwa yake kweli."

"Ndiyo, Mama."

"Hakuwa ananiita."

"Hapana. Alikuwa anatuambia saa."

Mama huyo aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake. Kidole gumba chake kilipita juu ya mstari wa kwanza na hakikusimama hapo. Kikashuka mpaka wa pili. Asiya aliuona uso wake ukibadilika, ukitoka mahali ulipokaa miaka mitatu.

"Moussa ni mwekundu," Zainabu alisema.

"Ndiyo."

"Mambo yako na yangu nitakuuliza jioni, Asiya. Usidhani sitakuuliza." Akamgeukia Akonkwa. "Na weye sheria yako umeiandika ju ya nani? Ju ya telefone?"

Akonkwa alifungua mdomo. Aliangalia simu yake kwa mara nyingine, saa tano, nyeusi, na ilikuwa wazi kwamba angeendelea kuiangalia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekunywa chai siku ile, na sasa alikuwa anajaribu kulimeza jambo hilo, na jambo kama hilo halimezwi kwa dakika tano. Dakika tano hawakuwa nazo.

Asiya alivua viatu.

Boti ya uokozi ilikuwa imevutwa nusu mchangani, moteri imeinuliwa, na Amissi, dereva wake, alikuwa amekaa ukingoni akisikiliza kila kitu na kujifanya hasikii. Asiya alikwenda moja kwa moja kwake.

"Mafuta yamo?"

"Yamo."

"Ya kwenda Kigwena na kurudi?"

"Ya kwenda Nyanza-Lac." Amissi alimtazama Akonkwa juu ya bega lake. "Shefu hajasema."

"Shefu atasema tukiwa majini. Sukuma."

Hakuwa amekanyaga ziwa tangu siku ile. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani, baridi kuliko alivyoyakumbuka, na kitambaa chake kikamng'ang'ania miguuni. Alitia bega kwenye ubao. Nafisa alikuwa ameshafika upande wa pili, analia na kusukuma kwa pamoja. Boti ikasita, ikakwaruza, ikaelea.

"Weye baki," Asiya alimwambia Nafisa. "Ni mngojaji wake. Akipita njia nyingine, ni weye wa kutuambia. Kaa na Mama, mutumie telefone yake, si yako."

Nafisa aliachia ubao.

Asiya akajivuta ndani kwa tumbo, bila madaha, akaangukia kwenye kamba na makopo ya kuchotea maji. Kutoka ufukoni kitu cha rangi ya machungwa kiliruka kikaanguka karibu naye, halafu kingine, halafu cha tatu. Akonkwa alikuwa amesimama ndani ya maji na viatu vyake, anatupa majaketi ya kuokolea na kupiga kelele kwa Amissi kuhusu upepo, apite wapi, asikate mawimbi kwa ubavu.

Amissi akavuta kamba ya moteri. Ikakohoa. Akavuta tena, ikawaka.

Asiya alivaa jaketi moja, akafunga mishipi yake yote mitatu. La pili alimpa Amissi, la tatu, la Moussa, akaliweka chini ya mguu wake lisiruke. Akamwambia Amissi afuate ukingo wa nchi kavu mpaka Mutambara, ndipo akate kwenda Kigwena, na apunguze mwendo wakifika huko, kwa sababu mtu aliye majini haonekani kwa mbali.